Je, Wajua? Buffalo Bill Anakaa Mdomoni Mwako

Sogea kidogo, yaya, benchi linatutosha sote. Shika vizuri kikombe chako cha munkoyo, maana leo nina habari za wanawake wapiga bunduki wanaoimba juu ya farasi, na habari ya kwanza inaanzia hapahapa Ruashi.

Je, wajua kwamba kijana wa Lubumbashi anayesema Kindubile, ile lugha ya vijana ambayo wazazi hawaipati, anamtaja Buffalo Bill bila kujua? Wataalamu wa lugha wanalirudisha jina hilo kwenye "Hindubill" ya Kinshasa ya miaka ya 1950: Hindu kwa sababu ya filamu za Kihindi, Bill kwa sababu ya filamu za makauboi. Kule waliikoroga kwa Kilingala, sisi tukaisonga kwa Kiswahili kama bukari. Majumba mawili ya sinema ndani ya neno moja, na wewe ulidhani ni uhuni tu!

Vijana wenyewe wa Kinshasa walijiita Mabill, wakavaa kikauboi, na vitambaa shingoni. Padri mmoja Mbelgiji alizoeana nao hadi wakambatiza upya: Père Buffalo. Padri, tena nyati!

Sasa nisikilize vizuri. Buffalo Bill alikuwa mtu kweli, aliitwa William Cody, na alikuwa na kundi kubwa la maonyesho ya farasi na bunduki. Mwaka 1885 akampokea kundini mwanamke mwenye urefu wa mita 1.52 tu. Ndiye Annie Oakley, aliyezaliwa 1860. Hesabu mwenyewe: Élisabethville, yaani Lubumbashi yetu, ilipoanzishwa mwaka 1910, mama huyo alikuwa na miaka 50. Na hakuwa amechoka, maana mwaka 1922, amekwisha kuvuka 60, alipiga shabaha 100 mfululizo.

Je, wajua alikutana na mumewe kwa kumshinda? Frank Butler alikuwa mlenga shabaha wa kulipwa, akashindanishwa na msichana asiyemjua, akakosa risasi moja, msichana hakukosa hata moja. Mwanaume mwingine angenuna mwezi mzima. Frank alimwoa, kisha akakubali kuwa meneja wake. Waliishi pamoja karibu miaka 50, na Annie alipofariki Novemba 1926, Frank alimfuata baada ya siku 18.

Ila Hollywood! Katika filamu ya nyimbo ya mwaka 1950, Annie Get Your Gun, Annie anakubali kushindwa makusudi ili mwanaume asivunjike moyo. Kweli ilikuwa tamu kuliko hadithi, wao wakaigeuza kichwa chini. Mimi bado sijawasamehe.

Na nyimbo zile, unajua alizitunga nani? Irving Berlin, mtu asiyejua kusoma noti za muziki. Kwenye piano alipenda vidole vyake vikae kwenye vitufe vyeusi. Akaishi miaka 101.

Filamu hiyohiyo ilikuwa na nuksi. Aliyeanza kuicheza ni Judy Garland, akaondolewa, akaletwa Betty Hutton. Howard Keel, mwanaume mkuu, akaangukiwa na farasi akavunjika kifundo cha mguu. Halafu mwaka 1973 ikaondolewa machoni pa watu kwa sababu ya mambo ya hakimiliki, ikarudi mwaka 2000. Miaka 27 kabatini! Mtoto aliyezaliwa wakati inafungiwa alikuwa mtu mzima wa kuoa.

Unacheka? Hebu nikupe jikedume wa pili. Mwaka 1953 Doris Day alivaa suruali ya ngozi na kofia yenye vumbi, akaicheza Calamity Jane. Wimbo wake, Secret Love, ukachukua Oscar. Na mwanaume wa filamu hiyo ni nani? Howard Keel yuleyule! Kifundo kilikuwa kimepona.

Je, wajua kwamba Doris Day asingeimba kama si treni? Alitaka kuwa mcheza dansi. Mwaka 1937, akiwa na miaka 15, gari alilokuwamo liligongwa na treni, mguu ukavunjika, dansi ikaishia hapo. Kitandani akawa anaimba pamoja na redio. Yaliyofuata, ulimwengu unayajua.

Calamity Jane wa kweli, Martha Jane Cannary, alivaa nguo za kiume kwelikweli. Lakini Wild Bill Hickok, anayemwoa kwenye filamu? Katika maisha walijuana wiki chache tu, na bwana huyo alikuwa tayari ana mke, mama mwenye sarakasi yake. Alipigwa risasi Agosti 1876 akiwa anacheza karata. Jane alipofariki mwaka 1903 alizikwa jirani naye huko Deadwood, wala mwenye kaburi hakuulizwa.

Cha kushangaza zaidi: Annie Oakley, ambaye filamu inamfanya jikedume, jukwaani hakuvaa suruali. Alivaa sketi, tena alizishona mwenyewe.

Suruali, suruali. Waulize mama zetu: katika Zaire ya miaka ya 1970, wakati wa siasa ya Authenticité, mwanamke alitakiwa kuvaa kitenge, suruali ilikatazwa. Doris Day angefika Ruashi na suruali yake ile, angerudishwa nyumbani akabadilishe.

Juzi niliwaonyesha watoto wa lupango letu filamu ya Calamity Jane kwenye simu, umeme umekatika, vichwa sita vimebanana mbele ya kioo chenye ufa. Kiingereza hawakipati. Wavulana walingoja bunduki. Mpwa wangu wa kike, miaka 9, anayevaa kaptula ya kaka yake na kutembea na manati mfukoni, hakupepesa macho. Jane alipotokea amevaa gauni, akaniuliza: "Mjomba, nani amemwibia suruali?" Jibu sikuwa nalo.

Tuvuke mpaka pale Kasumbalesa. Je, wajua kwamba katika miji ya migodi ya Zambia, enzi za ukoloni, kauboi yeyote kwenye turubai aliitwa Jeke? Jina lake la kweli halikuwa na maana. Watu walijaa uwanjani usiku, farasi akitokea tu, kelele: "Jeke! Jeke!" Neno lenyewe ni Jack, limepikwa upya kwa ulimi wa watu wa shaba.

Na Kenya je? Naongelea nchi, siyo Kenya yetu ya hapa, ile ya kuelekea Katuba. Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet na kinasa sauti chake, akawakuta wasichana wa Kipsigis wanamwimbia kiumbe nusu mtu nusu swala aitwaye Chemirocha. Sema polepole: Che-mi-ro-cha. Ni Jimmie Rodgers! Mwimbaji wa Marekani, wa gitaa na sauti ya kupandapanda, alifariki mwaka 1933, lakini sahani za santuri zilisafiri bila yeye. Wasichana walisikia sauti isiyo na mwili, wakampa miguu ya swala.

Miaka miwili baadaye Tracey huyohuyo alikutana barabarani na kijana mwenye gitaa huko Jadotville, Likasi ya leo. Ni Mwenda Jean Bosco wetu, na wimbo Masanga ukazaliwa kwenye sahani.

Bado upande wa Hindu wa Kindubile, usidhani nimeusahau. Jikedume wa India aliitwa Nadia Asiyeogopa. Mwaka 1935 alitokea katika Hunterwali, maana yake mwanamke mwenye mjeledi, akiwa na barakoa usoni. Mwaka uliofuata akapigana na majambazi juu ya paa la treni, yeye mwenyewe, bila mtu wa kumbadili. Na alizaliwa wapi? Perth, Australia! Jina lake Mary Evans.

Moja ya mwisho, ya haraka. Katika Cat Ballou ya mwaka 1965, Jane Fonda ni mwalimu wa shule anayegeuka jambazi, lakini Oscar ilikwenda kwa Lee Marvin, mlevi wa filamu. Jukwaani alisema nusu ya tuzo ni ya farasi.

Munkoyo umeisha? Basi nenda salama. Ila ukipita chini ya mwembe wetu, inamisha kichwa. Mpwa wangu yuko juu na manati yake, na tangu juzi halengi tena ndege.