Mshoni na Fundi wa Makochi: Sindano ni Moja, Kazi ni Mbili

Wako watu wengi katika Meru na Embu wadhanio kwamba kila ashikaye sindano na mkasi ni fundi wa kazi moja. Kwa hiyo mkulima aliyepata malipo yake ya majani ya chai humpelekea mshoni wa nguo makochi yaliyochakaa, na mzazi humpeleka mwanawe kujifunza kwa fundi yeyote aliye karibu. Asiyeifahamu tofauti hupoteza fedha, na pengine miaka ya kijana.

Mshoni ndiye aliyetangulia. Serikali ya kikoloni ilifungua kituo Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Maduka ya Wahindi yakafuata, na barazani mwa maduka cherehani zikaanza kulia. Viti vya kitambaa vilienea baadaye. Wazee walikalia vigoda vilivyochongwa katika gogo moja, navyo havikuhitaji sindano.

Mshoni hushonea mwili unaotembea. Hupima kifua, kiuno na mikono, hukata kitambaa, hupiga bandi, kisha humwita mwenye nguo aijaribu. Ndani ya mshono huacha kitambaa cha akiba ili nguo ya mtoto iweze kuongezwa akikua. Akikosea, kosa huonekana siku ile ile mteja avaapo, naye hufumua na kurekebisha.

Fundi wa makochi hushonea kiunzi cha mbao. Kwanza hutandika mikanda au springi, halafu gunia, kisha sponji. Kitambaa huja mwisho. Sindano yake ya mkono imepinda kama mwezi mchanga, kwa kuwa mara nyingi hawezi kuupitisha mkono upande wa pili. Hukivuta kitambaa toka katikati kwenda pembeni, akikipigilia kwa misumari midogo. Nguo ikibana mno humwudhi mwenyewe. Kochi lisipobana huharibika.

Hapo ndipo penye hatari. Kazi kubwa ya fundi huyu imefunikwa, na mteja haoni ila kitambaa kizuri. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mbao mbichi za mgrevilea hukauka zikanywea, viungo vikalegea. Sponji hafifu hudidimia baada ya miezi michache, wakati fedha zimekwisha kulipwa. Basi mnunuzi mwenye busara huenda karakanani kabla kitambaa hakijawekwa. Hutikisa kiunzi asikie kama kinalia, na hubonyeza sponji kwa kiganja. Sponji mbili zikiwa na ukubwa mmoja, iliyo nzito zaidi kwa kawaida hudumu zaidi.

Mafundi hawa hukutana mahali pamoja, nako ni kwenye vifuniko vya mito ya viti vinavyovuliwa na kufuliwa. Mshoni mwangalifu akipewa vipimo aweza kuvishona vizuri. Lakini kochi lililovunjika mikanda si kazi yake, kama vile suti ya arusi isivyo kazi ya fundi wa makochi.

Ama kijana achague ipi? Mshoni aweza kuanza na cherehani, mkasi na pasi katika kibaraza cha kukodi, na kila Januari sare za shule humletea kazi. Hata hivyo mitumba, iliyojaa masokoni tangu miaka ya 1990, imempunguzia wateja. Fundi wa makochi ahitaji karakana, mbao na mtaji mkubwa zaidi. Wateja wake ni wachache, lakini kila mmoja huja na fedha nyingi. Ushonaji wa nguo hufundishwa katika vyuo vingi vya ufundi, vilivyoanza kama vyuo vya vijijini baada ya ripoti ya Baraza la Makanisa ya mwaka 1966; ufundi wa makochi mara nyingi hufunzwa karakanani, kando ya seremala.

Hakuna kazi iliyo duni kati ya hizi mbili. Mzazi na amtazame mwanawe kwanza. Apendaye kupima watu na kuzungumza nao aende kwa mshoni. Apendaye mbao na nyundo, tena aliye mwaminifu hata pale pasipoonekana na mtu, huyo aende kwa fundi wa makochi.