Msuka Usioonekana

Kisu kile nilikinunua kwa sababu ya mpini wake. Ulikuwa wa mpingo, umechongwa mistari ya kusokotana kutoka kwenye noleo hadi kitakoni, na kitakoni pana ua la petali sita. Fundi alikuwa ameacha utepe mwembamba wa sehemu nyeupe ya mti ukapita ubavuni, mweupe juu ya mweusi. Mwezi wa tatu, nikiwa namenya muhogo, bapa likachomoka na mpini ukabaki mkononi. Msuka, ule ulimi wa chuma unaozama ndani ya mpini, ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha mwisho, tena ulishikiliwa na gundi tupu.

Wanunuzi wengi tunakosea hapo. Tunalipia tunachokiona, basi fundi naye anamaliza siku mbili kwenye nakshi na nusu saa kwenye moto. Kazi inayokifanya kisu kiwe kisu karibu yote inafichwa na mpini au imo ndani ya chuma chenyewe.

Tuanze na chuma. Mafundi wengi wa Tanzania na Kenya hufua visu kutoka springi za gari, na wana sababu. Chuma hicho huwa na kaboni inayokaribia asilimia 0.6, kiasi cha kutosha kukifanya kigumu kikipashwa moto na kuzimwa ghafla. Nondo ya kawaida ya ujenzi haina kaboni hiyo. Utaifua hadi ing'ae, lakini makali yake yatalala kwenye mfupa wa kwanza. Wafua chuma wa zamani hawakuwa na springi za kuokota. Kule Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, walikuwa wakiyeyusha mawe yenye chuma wenyewe, na katika miaka ya 1970 wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tena tanuri mbele ya watafiti. Upareni ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi. Vyuma vya kununuliwa kutoka nje vilipojaa sokoni, matanuri ya kuyeyusha yalizimika, lakini nyundo na koleo havikuwekwa chini.

Springi huingizwa kwenye mkaa unaopulizwa hadi iwe na rangi ya chungwa bivu, kisha hupigwa juu ya fuawe. Rangi ikishuka na kuwa nyekundu iliyofifia, fundi mzuri huirudisha motoni, kwa maana chuma kinachopigwa kikiwa kimepoa huweka nyufa zisizoonekana. Msuka hutolewa kwenye kipande hichohicho, haubandikwi. Pale unapokutana na bapa, pembe zake huviringwa kidogo kwa tupa. Pembe kali ya mraba hukusanya mkazo wote mahali pamoja, na ufa huanzia hapo.

Baada ya kufuliwa, chuma hupashwa tena na kufukiwa kwenye majivu kipoe polepole hadi asubuhi. Kinalegea, tupa inakila, na kisu kinapata umbo. Upande wa makali huachwa na unene wa sarafu, maana ukinolewa mwembamba mapema utajikunja au kupasuka wakati wa kuzimwa.

Kisha inakuja dakika ninayoipenda kuliko zote. Kwenye kibanda chenye kivuli, ili rangi ionekane vizuri, fundi hupasha bapa na kuligusisha sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu. Katika joto la nyuzi 770 hivi za Selsiasi, chuma huacha kuvutwa. Analiongezea moto kidogo kupita hapo, kisha analichovya kwenye mafuta yaliyopashwa uvuguvugu. Mafuta ya vuguvugu ni mepesi, hulizunguka bapa haraka kuliko mafuta baridi mazito. Maji nayo ni makali mno kwa chuma cha namna hii. Msuka haudumbukizwi. Unabaki laini, ili ukilemewa upinde badala ya kukatika.

Tupa sasa inateleza juu ya bapa kama juu ya kioo, na bapa lenyewe lingevunjika kama kioo likiangushwa sakafuni. Linasuguliwa ling'ae, kisha linapashwa taratibu kutoka mgongoni. Rangi zinatembea juu ya chuma: manjano ya nyasi kavu, hudhurungi, zambarau, buluu. Manjano yakifika kwenye makali wakati mgongo umeshakuwa buluu, kisu kinaondolewa motoni papo hapo. Makali yamebaki magumu, mgongo umepata ustahimilivu. Ukichelewa kidogo, unarudi mwanzo.

Mpingo una tabia zake. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ukikaushwa haraka hupasuka, kwa hiyo ncha za gogo hupakwa nta na kuachwa kivulini. Vumbi lake huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Kitambaa puani ni lazima. Tundu hutobolewa kwanza, kisha msuka uliopashwa hadi kuwa mwekundu husukumwa ndani ili ujichomee nafasi yake. Bapa wakati huo limefungwa tambara lililolowa, la sivyo joto litapanda na kuharibu kazi yote ya mafuta.

Nakshi ingoje hapo. Nami ningependa ikae kitakoni na pembeni; mistari mirefu katikati ya mshiko huumiza kiganja na kupunguza mti juu ya msuka, pale hasa unapohitajika.

Mpini wangu nilimpelekea mfua chuma mwingine. Alinifulia bapa jipya lenye msuka unaopita mpini mzima, akaupashia ncha na kuugonga ribiti kwa nyuma. Kitakoni sasa pana kidoti cha chuma kama punje ya mtama. Kimeangukia katikati ya lile ua la petali sita.