Mvua Iliyonyesha Kwingine: Kushuka Korongo la Maji Baridi

Wanaovuka Lualaba kwa pirogi kati ya Kasuku na Alunguli wanajua kwamba mto unaweza kujaa ilhali mjini Kindu hapajanyesha kwa wiki nzima. Mvua imenyesha kwingine. Mito ya jimbo letu la Maniema ndivyo ilivyo. Elila na Ulindi, kwa mfano, huzaliwa juu kwenye milima ya Itombwe, ambako kilele cha Mohi kina mita 3,475, na sisi wa tambarare hupokea kilichotokea huko. Kwa kuwa Lualaba ni pana, maji hayo hupanda taratibu, na mvuvi hupata nafasi ya kuhamisha mitego yake. Ndani ya korongo jembamba la mlimani nafasi hiyo haipo. Mwongozaji wa watalii wa makorongo hulipwa kwanza kwa kulijua hilo, kabla hata hajagusa kamba.

Mchezo wenyewe wa kushuka makorongo ni huu: kikundi kidogo hupanda hadi kwenye kichwa cha korongo, kisha hushuka nalo kwa kufuata mkondo. Huogelea, huteleza juu ya miamba iliyolainishwa na maji, huruka kwenye vidimbwi vyenye kina, na penye maporomoko huteremka kwa kamba. Ufaransa ndiko mchezo huu ulikokulia. Mwaka 1905 mtafiti wa mapango Édouard-Alfred Martel na wenzake walipita korongo la Verdon kutoka juu hadi chini, safari iliyowachukua siku kadhaa. Leo Wafaransa hupima ugumu wa korongo kwa alama tatu: herufi v yenye namba 1 hadi 7 kwa kazi ya kamba, herufi a yenye namba 1 hadi 7 kwa nguvu ya maji, na namba za Kirumi kuanzia I hadi VI kwa urefu wa safari na urahisi wa kutoka njiani. Wageni wengi huuliza maporomoko yana urefu gani. Mimi ningeuliza kwanza ile namba ya Kirumi. Korongo lenye kamba rahisi huwa la wazoefu tu pale ambapo kuta zake hazina pa kutokea kwa saa nzima.

Kamba nayo ina sheria zake, na hazifanani na za miamba mikavu. Anayeteremka ukuta mkavu hufunga fundo mwishoni mwa kamba ili asichomoke. Kwenye maporomoko yanayoangukia kidimbwi, fundo hilo laweza kumuua: atafika chini, fundo limkamate, na maji yaendelee kumpiga kichwani hali hawezi kwenda mbele wala kurudi. Kwa hiyo mwongozaji hupima kamba hadi ncha yake iguse maji tu, bila fundo, ili mtu achomoke na kuogelea zake. Kule juu huifunga kwa namna inayomwezesha kuilegeza hata ikiwa imebeba uzito wa mtu, maana aliyenasa chini ya maji mazito hawezi kujipandisha. Hana budi kushushwa upesi. Sauti za watu humezwa na ngurumo, hivyo wanaongea kwa filimbi na kwa ishara za mikono.

Halafu kuna baridi, ambayo sisi wa Kindu tungeidharau kwa kutoijua. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi zipatazo sita na nusu. Maji yanayotoka kwenye theluji ya mlimani mara nyingi huwa chini ya nyuzi 10, na maji hunyonya joto la mwili kwa kasi iliyo takriban mara 25 ya ile ya hewa. Madaktari wa maji baridi hufundisha kwa hesabu rahisi: dakika moja, dakika kumi, saa moja. Katika dakika ya kwanza kifua hushtuka na mtu huvuta pumzi bila kutaka; kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, anavuta maji. Ndani ya dakika kumi hivi vidole hupoteza nguvu, na aliyefungua kulabu yake vizuri asubuhi hawezi tena kuifungua. Kuzimia kwa sababu ya mwili kupoa huja baadaye, yapata saa moja kwa asiye na nguo za kumkinga. Mshtuko ule wa kwanza hupungua kwa anayeingia maji baridi mara kwa mara, ndiyo maana muogeleaji hodari wa Lualaba, aliyelelewa katika maji ya uvuguvugu, akifika huko ni mwanagenzi kama wengine.

Suti ya neopreni yenye unene wa milimita tano hivi husaidia sana. Hata hivyo, baridi huwapata watu zaidi wanaposubiri zamu ya kamba kuliko wanapoogelea, na kikundi kikubwa maana yake ni kusubiri kurefu. Mwongozaji mzuri huwatazama waliosimama. Aliyekuwa akiongea akanyamaza, au aliyekuwa akitetemeka akaacha kutetemeka kabla hajapata joto, huyo yumo hatarini.

Narudi kwenye mvua. Korongo ni mwamba mtupu: hakuna udongo wa kunywa maji wala ukingo wa kuyatawanya, kwa hiyo yote hupanda juu. Mkondo ukiongeza kasi mara mbili, msukumo wake juu ya mwili huwa mara nne. Tarehe 27 Julai 1999, kikundi kiliingia katika korongo la Saxetbach, karibu na Interlaken, Uswisi, kikiwa na waongozaji na vifaa kamili. Radi na mvua vilipiga upande wa juu, wimbi likashuka na magogo na mawe, wakafa watu 21, watatu kati yao waongozaji. Mwaka 2001 mahakama iliwatia hatiani wakuu sita wa kampuni iliyouza safari hiyo kwa kuua kwa uzembe, na waongozaji wawili wakaachiwa. Nadhani mahakama ilitazama mahali panapofaa, yaani mezani pale ambapo siku ya safari huamuliwa. Tangu Januari 2014 Uswisi ina sheria ya kitaifa inayodai kibali kwa wanaouza michezo ya namna hii.

Afrika Mashariki haikuhitaji kamba wala theluji ili kufikwa na hayohayo. Katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, mafuriko ya ghafla yaliua vijana saba wa kikundi cha kanisa Aprili 2012. Septemba 2019 yakaua tena watu saba, akiwemo mwongozaji wa hapohapo. Dalili huwepo kwa muda mfupi: maji safi yanageuka rangi, majani na vijiti vinaanza kuelea, ngurumo inasikika kutoka juu. Aliyeziona anapaswa kupanda ukutani palepale, aache mizigo.

Nasi tuna korongo letu lenye jina kama hilo la Hell's Gate, Portes d'Enfer, yaani Milango ya Jehanamu, chini ya Kongolo, ambako Lualaba hubanwa na miamba hadi meli haipiti. Ndiyo sababu mojawapo ya kujengwa kwa reli ya Kongolo hadi Kindu, iliyofunguliwa mwaka 1911. Hilo ni la maji mengi na ya joto, si la kamba. Baridi ya kweli iko Rwenzori, penye kilele cha mita 5,109, ambako mto Butawu hushuka upande wa Kongo kuelekea Semliki.

Siku vijana wetu watakapotaka kuwaongoza wageni katika mabonde ya namna hiyo, ningependa waanze na vitu viwili vya bei nafuu kuliko kamba. Cha kwanza ni namba ya simu ya mtu anayeishi juu ya bonde, atakayeulizwa asubuhi ileile mawingu yamekaaje na usiku kulinyesha nini. Asipopatikana, hakuna safari. Cha pili ni mkataba ulioandikwa kwamba safari ikivunjwa kwa sababu ya mvua, mgeni anarudishiwa fedha zote, na mwongozaji analipwa siku yake kamili hata kama hakuna aliyelowa.