Maikrowevu kwenye lori: Wali wa moto, betri ya baridi

SAA kumi na moja alfajiri foleni ya mpakani inaanza kusogea. Malori ya mbele yananguruma, ya nyuma yanapiga honi, na moja la katikati limenyamaza. Dereva anazungusha ufunguo, starta inatoa mlio mdogo, kisha kimya. Usiku alipasha wali na maharage kwenye maikrowevu iliyofungwa nyuma ya kiti. Kwenye tela kuna nyanya, na mwenye nyanya anasubiri upande wa pili.

Kisa cha namna hii hakihitaji mkosi, ila hesabu mbaya ya umeme tu. Na kwa mfanyabiashara aliyekodi lori, hesabu hiyo ni yake pia, maana kupoteza nafasi kwenye foleni ya Malaba, Rusumo, Tunduma au Kasumbalesa kunaweza kumla siku nzima sokoni.

Madereva wana sababu ya kutaka maikrowevu. Mamalishe hufunga usiku, na kula hotelini siku tatu mfululizo hutoboa posho ya safari. Jiko la gesi au la mkaa ndani ya kabini iliyofungwa vioo ni hatari kubwa zaidi, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na huua mtu akiwa usingizini. Kwa hiyo kuwakataza tu si jibu.

Tatizo huanzia kwenye kibandiko. Maikrowevu inayouzwa kuwa ya wati 700 haivuti wati 700. Hiyo ni nguvu inayofika kwenye chakula. Kutoka kwenye umeme huvuta wati 1,100 hadi 1,200, na inveta nayo hupoteza kidogo njiani. Kwenye lori la volti 24 hesabu inafika karibu ampea 55. Kwenye pikapu au kigari cha volti 12 ni zaidi ya ampea 100. Tundu la kuwashia sigara, ambalo fyuzi yake kwa kawaida haizidi ampea 20, haliwezi kazi hiyo hata kidogo. Inveta lazima iungwe moja kwa moja kwenye betri, kwa waya mnene na mfupi, na fyuzi yake iwe karibu kabisa na betri. Waya mwembamba hupata moto na kuyeyuka, na kabini imejaa magodoro na mapazia.

Kosa baya zaidi ni la kubana matumizi. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa ili zitoe 24. Mtu ananunua inveta ya volti 12 kwa kuwa ni rahisi kupatikana, anaiunga kwenye betri moja tu. Betri hiyo inakauka, mwenzake inajazwa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili zinakufa. Mwenye lori anamlaumu muuza betri.

Dakika tano za kupasha chakula peke yake haziui betri nzima. Hula chini ya ampea-saa tano, ilhali betri za lori kubwa huandikwa 150 au zaidi. Kinachoua ni mkusanyiko: redio tangu jioni, feni, friji ndogo, simu tatu za dereva na utingo, inveta iliyoachwa imewashwa usiku kucha, halafu maikrowevu juu yake. Betri ya kuwashia injini haikuundwa kukamuliwa hivyo. Inveta ikianza kulia haijaharibika. Inasema betri imeshuka. Dawa yake ni kuzima maikrowevu na kuwasha injini. Madereva waangalifu hupasha chakula injini ikiwa inanguruma, basi.

Huko Uingereza, wenye nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari dogo huweka maikrowevu ndani, lakini kwa kawaida huiwasha wakishafika kambini na kuchomeka waya kwenye umeme wa kambi. Hata huko, mahali penye ampea 6 tu, anayewasha maikrowevu na birika la umeme kwa pamoja hukatiwa umeme. Nao wana likizo. Hawana forodha ya kuwahi.

Kwenye maegesho yenye umeme, basi, tundu la ukutani ni bora kuliko betri. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia plagi ya miguu mitatu ya bapa. Rwanda, Burundi na Kongo mara nyingi mtu atakuta matundu mawili ya duara, hivyo adapta ya kufaa iwemo kwenye begi, na iwe imara. Zile nyepesi za kuchajia simu hazibebi maikrowevu.

Inveta ya bei poa, isiyotoa umeme laini kama wa ukutani, huifanya maikrowevu ivume na chakula kichelewe kupata moto. Sahani ya kioo itolewe na kufungwa kwenye nguo kabla ya kuondoka, na mlango uliopinda kwa mitikisiko usitumiwe tena. Lori la mafuta ni habari nyingine: humo inveta ya kuungaunga haina nafasi kabisa.

Wali unyunyiziwe maji na kufunikwa. Maharage yawe yamekwisha kuiva nyumbani, kwa sababu kuyachemsha mabichi kwa saa nzima kungekula ampea-saa 50 na zaidi. Sufuria na karatasi ya fedha hutoa cheche. Yai la kuchemsha lenye ganda lisiingizwe: hupasuka, wakati mwingine likiwa tayari mkononi.