MBACHAO NA MSALA KATIKA NJIA ZA UKAMBANI

Wahenga wetu wa Pwani walituachia methali mbili zinazogombana. Ya kwanza yasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili yatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mtu akikaa barazani na kikombe chake cha kahawa, methali hizi zakaa pamoja bila taabu. Lakini akiwa ameshika fedha alizoweka kwa miaka sita, na mbele yake yamesimama magari mawili, hapana budi aitii moja na kuiacha nyingine.

Hayo ndiyo yaliyomfika shemeji yangu, nduguye mke wangu, mzaliwa wa Mombasa aliyefanya maskani yake Kibwezi, katika kaunti ya Makueni. Kazi yake ni kununua mbuzi, pojo na maembe katika vijiji vya kusini mwa Kitui, kuanzia Ikutha hadi Mutomo, na kuvifikisha kwenye barabara kuu ili malori yaviteremshe Pwani. Msomaji aliyechinja mbuzi wa Idd huko Majengo au Kisauni, huenda mbuzi huyo alipita mikononi mwake. Kwa miaka mingi alikodi magari ya watu, na faida ikawa inaishia kwa wenye magari. Sasa alitaka chombo chake mwenyewe.

Akanipigia simu, akasema, "Shemeji, njoo uniazime macho. Moyo wangu umeshapenda, na moyo hauoni."

Biashara hii si ngeni. Kabla reli haijaanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, Wakamba wa Kitui walikuwa wakiteremka Pwani kwa miguu na misafara ya pembe za ndovu, wakirudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mfanyabiashara wao mashuhuri, Kivoi, ndiye aliyempokea mmishenari Krapf huko Kitui mwaka 1849. Siku zile chombo kilikuwa ni mgongo wa mtu. Leo ni gari, lakini swali la msafiri halijabadilika: je, kitanifikisha na kunirudisha?

MAGARI MAWILI

Gari la kwanza lilikuwa Toyota Land Cruiser, pikapu ya mwaka 1996, yenye injini ya dizeli ya lita 4.2 ambayo mafundi huiita 1HZ. Lilikuwa mali ya mzee mmoja wa Mutomo, naye alilinunua kwa shirika lililokuwa likichimba visima katika sehemu hizo hizo. Rangi yake ilikuwa imepauka, kiti cha dereva kimeshonwa mara mbili, na namba yake ni ya zile za KA.

La pili lilikuwa Toyota Hilux ya milango minne, ya mwaka 2013, dizeli ya lita 3, iliyoletwa kutoka Uingereza mwishoni mwa 2020, nayo ina namba ya KD. Ilikuwa imesimama katika yadi moja Mombasa, inameta kama bibi harusi. Bei yake ilikaribia mara mbili ya bei ya lile kuukuu.

Hapa yafaa tulichunguze neno "jipya". Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo wengi wetu tunaposema tumenunua gari jipya, aghalabu maana yake ni kwamba limetumiwa miaka sita au saba na mtu tusiyemjua, katika nchi tusiyoifika. Basi magari yote mawili yalikuwa na umri. Tofauti ni kwamba uzee wa moja ulikuwa na mashahidi, na uzee wa la pili ulikuwa wa mgeni.

NAHODHA HANUNUI RANGI

Sisi watu wa bahari tunajua kitu kimoja ambacho watu wa bara huhitaji kuambiwa, nacho ni tabia ya chumvi. Nahodha akienda kununua mashua, haangalii rangi. Huingia ndani akagonga mataruma, akautazama mkuku, akapitisha kidole palipokalafatiwa. Rangi hupakwa kwa siku moja. Mkuku ukioza chombo kimekwisha.

Mkuku wa gari ni chesisi. Nami nilipolala chini ya ile Hilux katika yadi, nikaona yale niliyoyashuku. Uingereza, wakati wa baridi kali, hunyunyiza chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Gari lililopita huko miaka saba limeogeshwa chumvi kila mwaka, tena kutoka chini, mahali ambapo mnunuzi mwenye kanzu safi hapendi kuinama. Chesisi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mpya. Nilipogonga kwa bisibisi karibu na springi za nyuma, kutu ilibanduka kama magamba ya samaki.

Siku tatu baadaye nilikuwa Kibwezi nimelala chini ya Land Cruiser. Vumbi jekundu lilikuwa limeganda kila mahali, lakini chini ya vumbi chuma kilikuwa kizima. Ukame wa Ukambani, unaomliza mkulima, humhifadhia mwenye gari chesisi yake.

Fundi aliyetusaidia ni mzee wa Kikamba ambaye ametengeneza magari hapo Kibwezi tangu ujana wake. Alitaka injini iwe baridi kabisa kabla ya kuiwasha, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha maradhi yake. Ikawaka. Akasimama nyuma akitazama moshi. Moshi wa buluu, alisema, ni oili inayoungua. Mweupe usiokatika ni dizeli isiyoungua au maji yaliyopenya. Mweusi mzito ni mafuta yanayozidi hewa. Akafungua kifuniko cha oili kuangalia kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji kuingia. Kisha akatazama raba za pedali na usukani, akazilinganisha na saa ya kilomita, kwa maana saa hurudishwa nyuma kwa urahisi, lakini raba iliyolika haisemi uwongo.

Nilimwuliza, "Mzee, lipi lina injini bora?"

Akajibu, "Hilux ina nguvu zaidi, tena hunywa dizeli kidogo. Lakini ikiugua Ikutha, mimi siwezi kuitibu huko."

Nikamtaka afafanue. Injini za dizeli za siku hizi hupeleka mafuta kwa shinikizo kubwa mno, na nozeli zake huamrishwa na kompyuta. Zataka dizeli safi kabisa. Na huko vijijini dizeli huuzwa kwa mitungi, na kwa muda mrefu wauzaji waovu wameichanganya na mafuta ya taa. Mchezo huo ulienea hata mwaka 2018 serikali ikatoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Nozeli ikiharibika, hapana budi gari livutwe hadi Nairobi au Mombasa kwa fundi mwenye mtambo wa kuipima. Ile 1HZ haina kompyuta. Pampu yake ni ya chuma na springi, spea zake zipo, na mkanda wake wa taimingi ukibadilishwa kila kilomita 100,000, na rejeta ikiangaliwa isipungue maji, hudumu miaka mingi.

AIBU YA BIDHAA

Dini yetu imelisemea jambo hili waziwazi. Muuzaji akijua aibu ya bidhaa yake, ni wajibu wake aitaje. Akiificha, na mnunuzi akaigundua baadaye, mnunuzi ana khiyari ya kurudisha. Kila aliyekaa mbele ya mwalimu amesikia habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta umaji chini yake, na jinsi alivyomkemea mwenye kuuza.

Basi tuliwauliza wauzaji wote wawili swali moja: gari lina aibu gani? Dalali wa yadi alicheka, akasema, "Bwana, hili halina hata moja." Mzee wa Mutomo alikuna kidevu, kisha akahesabu kwa vidole. Gia ya pili huruka gari likiwa tupu. Breki za nyuma zavuja. Kipimo cha dizeli hakifanyi kazi, hupima kwa kijiti. Na mwaka 2015 alibadilisha giaboksi. Risiti hii hapa.

Watu wengi wangelikimbia gari lenye aibu tatu na kulikimbilia lisilo na hata moja. Shemeji yangu alinitazama, nami nikamtazama. Aibu tatu zilizotajwa zaweza kupigiwa hesabu. Ile isiyotajwa haina bei, na sisi tulikuwa tumeshaiona kwa macho yetu.

HAKI YA LILE JIPYA

Walakini nisimdhulumu mwenye Hilux. Gari la 2013 lina mifuko ya hewa ya kumkinga dereva na breki zisizokwama gurudumu likiteleza. Lile la 1996 halina. Mtu anayebeba wanawe kila siku aupe uhai uzito wake kabla ya bei. Pili, barabara ya lami kutoka Kibwezi kupita Ikutha na Mutomo hadi Kitui imekamilika miaka ya karibuni, na mwenye safari za lami tupu hana haja ya jitu la lita 4.2 linalokunywa dizeli. Tatu, tangu 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia, ambazo hununua gari na kukuuzia kwa faida inayojulikana bila riba. Lakini mabenki kwa jumla hayapendi kukopesha kwa gari kongwe.

Bali mbuzi na maembe hawakai kando ya lami. Njia za vijijini hukata mito ya mchanga, mikavu miezi mingi, ambayo mvua za Oktoba hadi Desemba huijaza kwa saa moja. Na hapa gari lolote, kuukuu au jipya, lisimtie mtu kiburi. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba watu waliokuwa wakienda harusini lilisombwa katika mto Enziu karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mto ukijaa, gari bora ni lile lililosimama ng'ambo likingoja.

Shemeji yangu alichukua lile kuukuu. Kabla ya kutoa hata shilingi, tulilinganisha namba ya chesisi na iliyo katika kitabu cha gari, tukahakikisha kwamba jina la mzee ndilo lililosajiliwa na kwamba hakuna benki inayolidai. Fedha zilizobaki hakuzila: sehemu ilikwenda kwa breki na giaboksi, sehemu kwa mkanda na magurudumu, na iliyosalia akaiweka kando kwa siku ya kuvunjikiwa, kwa maana gari la karibu miaka thelathini siku hiyo itakuja.

Ndugu msomaji, usichukue haya ukasema gari kuukuu ni bora kuliko jipya. Kwa mwingine, katika njia nyingine, hesabu itageuka. Ninalokusihi ni kwamba usinunue mwaka. Inama utazame chini, uliza nani atalitibu pale litakapougua, na umpe muuzaji nafasi ya kutaja aibu. Atakayetaja, keti naye mzungumze bei. Atakayeapa kuwa hakuna, mwage kwa salama uende zako.