Timu kuwa na uwezo si sawa na kuwa na nafasi

Vijana wanaohitimu katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru na kile cha Embu huingia kazini na kukuta timu zinazounda programu kwa mtindo wa ajaili, ule ulioandikiwa ilani na watu 17 huko Utah, Marekani, mnamo Februari 2001. Aghalabu kazi hukatwa vipande vya wiki mbili hivi. Kipande hicho wengine hukiita mzunguko. Mimi napendelea awamu, maadamu mzunguko hurudi ulikoanzia.

Utata hasa umo katika neno uwezo. Meneja husema, "Timu hii ina uwezo," akimaanisha ujuzi, kisha huirundikia kazi kana kwamba ujuzi huongeza saa za siku. Kiswahili kina neno bora, tena la kila siku: nafasi. Mtu akikwambia, "Kesho sina nafasi," hajasema kwamba kazi haijui.

Tuchukue timu ya watu watano, awamu ya siku 10 za kazi. Kwa saa nane kila siku, karatasi itasema saa 400. Lakini Mashujaa Dei ikiangukia humo, kila mtu ana siku tisa: jumla 45. Mmoja ana likizo ya siku nne, zimebaki 41. Mikutano, simu na hitilafu za ghafla zikila saa mbili kwa siku, kila siku ina saa sita tu. Jumla ni saa 246. Hiyo ndiyo nafasi! Aliyeahidi kazi ya saa 400 ndiye atakayewafanya wenzake wakeshe ofisini.

Kasi nayo ni kazi iliyokamilika kikweli katika awamu zilizopita. Mkulima wa kahawa kule Runyenjes anaijua tofauti hii bila kompyuta. Msimu mkuu ukifika, Oktoba hadi Desemba, hukumbuka wachumaji wake walijaza madebe mangapi kwa siku wiki jana. Hiyo ni kasi. Kisha huuliza kesho watafika wangapi. Hiyo ni nafasi. Wakija watatu badala ya sita, hatarajii madebe yale yale, wala hawaiti wavivu.

Ila timu mbili zisishindanishwe kwa kasi. Debe ni debe popote, lakini alama za makadirio kila timu hujipimia yenyewe. Timu iliyozoea kukamilisha alama 30 kwa saa 300, ikiwa na saa 246 itapata 24 na ushei. Basi iahidi 24.