Kinyozi Hajinyoi: Mchezaji wa Kamari Anapoomba Kufungiwa Mlango

Utangulizi

Kiswahili cha kucheza kamari kimekwisha kukomaa. Kijana wa Kangeta, katika Kaunti ya Meru, na mwenzake wa Kiritiri, katika Kaunti ya Embu, hawahitaji mkalimani wanapozungumza juu ya dau, mkeka, au mkeka uliochanika kwa sababu timu moja kati ya kumi imesawazishiwa bao katika dakika za majeruhi. Istilahi hizi hazikuundwa na kamati yoyote. Zilizuka vibandani, zikaenea kwa simu, na zimeshika mizizi kiasi kwamba hata asiyecheza huzielewa. Kiswahili cha kuacha kamari kingali kichanga. Upo utaratibu unaomwezesha mchezaji kuiagiza kampuni ya kamari imfungie nje kwa muda maalumu, wala isimfungulie hata akirudi kubembeleza. Aghalabu masharti yake huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, tena chini kabisa, mahali ambapo mtu aliyepoteza karo usiku wa kuamkia leo hawezi kupafikia kwa utulivu.

Makala haya yanaeleza jinsi utaratibu huo unavyofanya kazi na mahali unapovuja. Aidha, yanadai kwamba jina litakaloteuliwa kwa Kiswahili si jambo dogo, kwa kuwa jina hilo ndilo litakalomwonyesha mchezaji ni nani anayebeba wajibu.

Fedha inayofika kila siku

Meru na Embu zina sababu ya pekee ya kuuhitaji utaratibu huu. Mkulima wa kahawa wa Imenti au wa Manyatta amezoea kungoja malipo ya chama cha ushirika. Fedha huja kwa kishindo, kisha hukauka kwa miezi. Miraa ya Igembe haingoji. Huchumwa, hufungwa na kusafirishwa siku hiyo hiyo, kwani ikinyauka thamani yake hupotea. Muguka wa Mbeere ni vivyo hivyo. Mchumaji, mfungaji na dereva hupata chochote karibu kila siku, na tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007 sehemu kubwa ya fedha hiyo hutua katika simu. Kampuni za kubashiri matokeo ya michezo, zilizoanza kuvuma nchini katikati ya miaka ya 2010, zilikuta njia imekwisha kufyekwa: simu inayopokea ujira ndiyo hiyo hiyo inayopokea ratiba ya ligi ya Uingereza na ndiyo inayolipa dau. Baina ya jasho na kamari hapana hata hatua moja ya kutembea.

Wanafunzi wa vyuo vikuu nao wamo. Mkopo wa elimu unaoingia kwa mkupuo mwanzoni mwa muhula, chumba cha kupanga, intaneti ya bei nafuu na wenzi wanaosimulia ushindi tu bila kusimulia hasara: hali hiyo haina haja ya kuelezwa kwa wasomaji wa jarida hili.

Utaratibu wenyewe

Ni vyema kutenga mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kikomo: mchezaji huamua kwamba kwa siku au kwa wiki hataweka zaidi ya kiasi fulani. La pili ni mapumziko mafupi, ya siku moja au wiki kadhaa, ambayo baada yake akaunti hufunguka yenyewe. La tatu, ambalo ndilo mada ya makala haya, ni marufuku kamili kwa muda mrefu, kwa kawaida kuanzia miezi sita na kuendelea.

Hatua zake si ngumu. Mchezaji hutoa fedha iliyosalia katika akaunti, kisha huwaandikia wahudumu wa wateja akitaja jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu aliyojiandikishia na muda anaoutaka. Kampuni hufunga akaunti, huizuia nambari hiyo kujiandikisha upya na hukoma kumtumia matangazo. Hili la mwisho halifai kupuuzwa. Ujumbe mmoja wa Ijumaa jioni unaomwahidi mtu dau la bure waweza kubomoa miezi minne ya subira. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inampa mtu haki ya kupinga data yake kutumiwa kwa matangazo ya biashara, na haki hiyo inasimama hata pale ambapo kampuni haina utaratibu wowote wa marufuku.

Uti wa mgongo wa mambo haya ni kwamba marufuku haitanguliwi kabla ya muda wake. Kampuni inayomfungulia mteja kwa sababu amepiga simu usiku akidai kwamba amepona haijampa marufuku, imempa usingizi. Katika mifumo iliyo imara, hata muda unapokwisha mlango haufunguki wenyewe: mtu sharti aombe upya, na angoje kidogo kabla ya kukubaliwa. Msingi wa kanuni hii ni kukiri kwamba mchezaji ni watu wawili. Yupo wa asubuhi, mwenye majuto na hesabu kamili ya hasara. Yupo na wa usiku, anayeamini kwamba mkeka mmoja tu utarudisha vyote. Marufuku ni hati ambayo wa asubuhi humwachia bawabu dhidi ya wa usiku. Wala huu si udhaifu wa tabia tu. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari miongoni mwa maradhi katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022.

Tatizo la kiambishi -ji-

Basi utaratibu huu uitweje? Baadhi ya majina yanayoweza kupendekezwa ni kujitenga, kujitoa, kujizuia na kujipiga marufuku. Kujitenga kumekwisha kubebeshwa maana ya kiafya tangu janga la Korona la mwaka wa 2020. Kujitoa kunatosha kwa mtu anayeacha chama au shindano, lakini aliyejitoa yu huru kurudi wakati wowote. Kujizuia kunapendeza sikioni, ila kunazungumzia moyo peke yake: anayefunga mwezi wa Ramadhani hujizuia na chakula ilhali sahani iko mbele yake. Kujipiga marufuku kunakaribia zaidi, kwa sababu marufuku ni amri, na amri ina mwenye kuitekeleza.

Hata hivyo, majina yote manne yana kiambishi kile kile cha kujirejelea, na hapo ndipo penye mtego wa kisarufi. Kiambishi -ji- humfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja, na humfuta kabisa mtu wa tatu. Lugha yenyewe ina mashaka na vitenzi vya namna hii. Kinyozi hajinyoi, mganga hajigangi, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Methali mbili za mwanzo zinasema kwamba yapo mambo ambayo mtu hawezi kujitendea. Ya tatu inamnyima huruma yule aliyejidhuru. Ukiuita utaratibu huu kwa kitenzi chenye -ji-, mchezaji akianguka, lawama imekwisha kuandaliwa: alijipiga marufuku, akajivunjia. Kampuni iliyompokea haimo katika sentensi.

Kauli ya kutendwa inasema kweli zaidi: mchezaji huomba kufungiwa. Katika kufungiwa yupo anayeomba, yupo anayefunga, na funguo hazimo mikononi mwa yule wa kwanza. Wazo hili si geni kwa watu wa Meru. Pale Nchiru, mahali penye makao ya baraza la wazee la Njuri Ncheke, na ambapo leo pana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, inafahamika tangu zamani kwamba kiapo huliwa mbele ya watu. Kiapo ambacho mtu amekula peke yake chumbani hakina shahidi wa kumdai.

Mlango mmoja katika nyumba yenye milango mingi

Kesi iliyoamuliwa Uingereza mwaka wa 2008 inaonyesha waziwazi mpaka wa utaratibu huu. Graham Calvert, mfugaji wa mbwa wa mashindano, aliiomba kampuni ya William Hill imfungie kwa miezi sita. Kampuni haikutimiza ombi hilo ipasavyo. Calvert aliendelea kucheza na kupoteza takriban pauni milioni 2. Mahakama ilikubali kwamba kampuni, baada ya kumwahidi, ilikuwa na wajibu kwake na haikuutimiza. Pamoja na hayo, alishindwa kesi. Majaji waliona kwamba hata kama William Hill wangemfungia, angezipeleka fedha zake kwa kampuni nyingine na kufilisika vilevile. Uamuzi huo ni mchungu, lakini ni vigumu kuupinga kwa mantiki: marufuku ya kampuni moja ni mlango mmoja uliofungwa katika nyumba yenye milango mingi.

Mataifa kadhaa yamejibu kwa kuunda daftari la pamoja. Afrika Kusini iliweka msingi wa daftari la taifa katika sheria yake ya kamari ya mwaka wa 2004, na kuongeza jambo ambalo jamii za Kiafrika zitalielewa upesi: jamaa wa mchezaji anaweza kuiomba mahakama iamuru mchezaji huyo aandikwe. Uingereza ilianzisha GAMSTOP mwaka wa 2018, na kuanzia Machi 2020 kila kampuni yenye leseni ya kamari ya mtandaoni ililazimika kujiunga nayo. Uswidi ilianzisha daftari lake Januari 2019, Australia Agosti 2023.

Nchini Kenya wachezaji wamezoea utaratibu wa kampuni moja moja. Sheria ya kamari ya mwaka wa 1966 ilitungwa wakati ambapo kucheza kulimaanisha kwenda mahali fulani na kuonekana na watu. Haikuwa na namna ya kuotea simu. Mwaka wa 2025 sheria mpya ya udhibiti wa kamari ilitiwa saini na kuanzisha mamlaka mapya ya kuchukua nafasi ya bodi ya zamani. Kipimo cha mamlaka hayo, kwa mchezaji wa Maua au wa Siakago, ni iwapo ombi moja litafunga milango yote.

Ugumu wa kwanza ni utambulisho. Akaunti ya kamari hufungwa kwa nambari ya simu, na mtu anaweza kuwa na laini mbili au tatu, au kuazima ya mama yake. Nambari ya kitambulisho ni kizuizi imara zaidi. Lakini penye uzito kuliko pote ni njia ya fedha. Julai 2019 serikali ilipokataa kuzihuishia leseni kampuni 27, iliiagiza Safaricom izifunge nambari zao za malipo. Mabishano ya kodi na leseni yaliyozua hatua hiyo si mada ya makala haya. Linalofaa kukumbukwa ni kwamba mrija unaweza kufungwa upande wa fedha. Kilichofanyiwa kampuni nzima kinaweza, kiufundi, kufanyiwa mteja mmoja aliyeomba mwenyewe. Benki ya Monzo ya Uingereza ilianza mwaka wa 2018 kuwaruhusu wateja kuzuia malipo yote ya kamari kutoka akaunti zao, na anayebadili nia hungoja saa kadhaa kabla ya kizuizi kuondolewa. Huduma ya namna hiyo katika fedha za simu ingemfaa mchumaji wa miraa kuliko barua kumi kwa kampuni kumi.

Zimebaki mashine za sarafu zinazowekwa nyuma ya maduka na baa za vijijini, nyingi bila leseni. Hizo haziulizi jina wala kitambulisho, na kwa hiyo hakuna daftari linaloweza kuzigusa. Dawa yake ni chifu na polisi.

Ombi

Katiba ya mwaka wa 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, hivyo mchezaji hana haja ya kukopa Kiingereza ili aokoe fedha yake. Asiandike kisa chake wala asiombe radhi, kwa maana wahudumu hawahitaji kisa. Ajaze nambari zake, aweke nakala, na apeleke ombi hilo hilo kwa kila kampuni aliyopata kucheza nayo. Maneno yanayotosha ni haya:

Mimi, mwenye kitambulisho nambari hii na simu nambari hii, naomba kufungiwa kucheza kamari katika kampuni yenu kwa muda wa mwaka mmoja kuanzia leo. Fungeni akaunti yangu na nyingine yoyote yenye kitambulisho changu. Nirudishieni salio langu. Msinitumie matangazo kwa njia yoyote. Nijibuni kwa maandishi kwamba mmetekeleza. Nikiomba kufunguliwa kabla ya mwaka kwisha, msikubali.